Boksi la maneno ya ovyo, Lamu: nunueni, ila msiyatie status

Walioniuliza kuhusu lile boksi la kuvuta maneno, yani mchezo wa kadi za kutunga sentensi za ovyo, jibu ni ndio nimelinunua, na ndio linafaa, lakini someni mpaka chini maana kuna mambo. Linauzwa pale kwenye duka dogo la vitabu na karatasi huku mtaa wa Langoni, lile linalotoa fotokopi pia, halina bango kwahivo sina jina la kuwapa, ulizia tu "maneno ya kuvuta" utaoneshwa. Bei ni 700, mimi nikaachiwa 650 kwa sababu kifuniko kilikuwa kimepondeka kona. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, gredi ya tano, nililichukua nikiwaza darasa, nikasema hapa ngeli zitaingia bila viboko, kumbe limeishia barazani kwa watu wazima na ndevu zao wanagombania zamu.

Ndani kuna mfuko wa kitambaa cha leso, umeshonwa vizuri na una kamba ya kufunga, alafu kadi za majina ya vitu, kadi za sifa, kadi za vitendo, vipande vyembamba vya viambishi, na kadi nyeupe tupu za kuandika maneno yako mwenyewe. Unatia mkono mfukoni bila kuchungulia, unavuta kadi kadhaa, unaongeza viambishi unavyotaka, unapanga zikae sentensi, unasoma kwa sauti. Maana haitakiwi. Kinachotakiwa ni isomeke kama Kiswahili cha mtu mwenye akili zake. Na ukicheka wakati unasoma ya kwako zamu imekwenda, hiyo ndo kanuni inayoubeba mchezo wote, bila hiyo ni karatasi tu.

Vuta picha mzee wa heshima zake, kanzu na kofia ya vito, ametoka kuswali Laasiri, anasoma kwa sauti ileile anayotangazia msiba: "Nanasi la mwalimu limestaafu." Ananyamaza. Anatutazama mmoja mmoja. Sasa kanuni inasema wengine wana haki ya kumuuliza maswali na yeye lazima ajibu kwa uzito huohuo, bas mmoja akamuuliza ami, limestaafu lini? Akajibu mwezi wa Rajabu. Na pensheni je? "Wanalifuatilia Nairobi, faili halionekani." Mbavu sina, mpaka muuza kahawa aliyekuwa anapita na dele lake akaliweka chini akasema hebu kwanza nisikie hilo nanasi linasaidiwaje.

Watu wengi wanadhani maneno ya ovyo ni kazi rahisi, unatupatupa tu chochote kinachekesha. Si kweli na hili boksi limenithibitishia, manake kuna jingine nilishawahi kulitumia, sitataja la nani, lilikuwa limetafsiriwa kutoka Kiingereza moja kwa moja. Huko Marekani kuna zile sumaku za kubandika kwenye friji, neno moja kila kipande, jamaa anaitwa Dave Kapell alizianzisha Minneapolis 1993, na kwa Kiingereza zinafanya kazi vizuri sababu kitendo chao hakijali sana nani amefanya. Sasa hao waliotafsiri wakachukua "anakula", "analala", "amechoka", wakachapisha hivohivo. Matokeo yake ukivuta kabati unapata "kabati anakula". Hakuna anayecheka hapo. Unaonekana tu mtu uliyekuja juzi na lugha hujaijua, watoto wenyewe wanakurekebisha, utamu umekufa.

Huku kwetu hili la Langoni vitendo vimeachwa uchi, "-chumbia", "-staafu", "-susa", "-azima", viambishi unavika mwenyewe. Ukivuta kabati, baharia, supu na -chumbia, ukavika vizuri, unapata "Kabati la baharia limechumbia supu", na hapo ndo sikio linakubali kabla akili haijaamka kukataa. La, li, kila kitu kimekaa mahali pake, sarufi imenyooka kabisa, ila habari yenyewe haiko duniani. Yule mtaalamu wa lugha Noam Chomsky 1957 aliandika mfano wake ule mashuhuri wa mawazo ya kijani yasiyo na rangi yanayolala kwa ghadhabu, alitaka kuonesha kwamba sentensi inaweza kuwa sahihi kisarufi na isiwe na maana yoyote. Kwa Kiingereza huo mfano ni mkavu. Hebu useme kwa Kiswahili kwa sauti usikie hiyo ya, ya, ya inavyopita mwanzo mpaka mwisho, karibu ucheze.

Na kuna kadi moja naipenda kuliko zote, kadi ya "mbuzi". Ukivika a- ni mnyama, "mbuzi amestaafu", bas tunawaza yule anayelala uchochoroni mkia uko njiani. Ukivika i- ni ile ya kukunia nazi, "mbuzi imestaafu", na hapo mamangu aliyekuwa jikoni hata hachezi akajibu kwa sauti, "Bora! Meno yenyewe ilikuwa haina tena." Kadi ni moja na kiambishi ni herufi moja, ila kichekesho kimehama nyumba.

Kadi nyeupe nazo wengine watazidharau, msizidharau. Mpwa wangu wa darasa la pili alichukua kalamu akaandika "kifurundwa". Tukamuuliza ni nini akasema hajui, ndo kwanza kimezaliwa. Lakini zamu ya nduguye ilipofika, bila kufundishwa na mtu, akasema "vifurundwa vyangu vimelowa" na wote tukaitikia pole. Hakuna aliyeuliza kwa nini vi-. Nilipokuwa chuo tulisomeshwa habari za mama mmoja Marekani, Jean Berko, 1958 aliwaonesha watoto picha ya kijidude alichokibuni jina, akawauliza vikiwa viwili vinaitwaje, watoto wakajibu sawasawa ingawa neno hawajawahi kulisikia maishani mwao. Sawa, ila yeye alikuwa na kiambishi kimoja cha kuongeza mwishoni. Huyu wangu alibadilisha jina, kimiliki na kitendo, vyote vitatu kwa pumzi moja huku anatafuna kaimati. Mpaka leo kifurundwa hatujui ni nini na kila siku nyumbani kinapotea, kinatafutwa, mara kiko chini ya kitanda.

Karatasi ya maelezo iliyokuja ndani hapo nina neno nayo. Imeandikwa na mtu aliyesoma, hilo halina ubishi, inaeleza vile mshairi Tristan Tzara 1920 alivyotoa maelekezo ya kutunga shairi, chukua gazeti, chukua mkasi, kata makala neno kwa neno, tia mfukoni, tikisa taratibu, toa moja moja unakili kwa mpangilio uleule yalivyotoka, na akaahidi kwamba shairi litafanana na wewe. Kisha inakuja habari ya wale washairi wa Paris 1925, kila mmoja anaandika kipande kwenye karatasi iliyokunjwa bila kuona mwenzake ameandika nini, ikatoka ile sentensi yao ya maiti mrembo atakunywa divai mpya. Kisha Waingereza, Edward Lear na mashairi yake ya upuuzi ya 1846, Lewis Carroll na lile shairi la maneno ya kubuni la 1871. Vizuri, nimejifunza, na huo mchezo wa karatasi iliyokunjwa tumeujaribu, tukapata "bibi harusi mwenye mikia miwili / aliwakopesha papa / chumvi ya Alhamisi", ambayo kwa maoni yangu imeishinda ile ya maiti wao.

Lakini jamani karatasi inauzwa Lamu, upande wa mbele mpaka wa nyuma ni Paris na London, paukwa haimo hata kwa mstari mmoja? Paukwa! Pakawa. Sahani! Ya mchele. Giza! La mwizi. Kiboko! Cha mtoto mkorofi. (Hapo kwenye kiboko kila nyumba na jibu lake, msije kunirekebisha.) Sahani na giza na mwizi vimekutana wapi? Popote pale, hakuna anayeuliza, bibi anarusha neno wewe unarudisha, na ukishafika kwenye kiboko tayari umeshaingia ndani ya hadithi na macho yamekutoka. Huo ni mchezo wa kuvuta maneno mkubwa kuliko wa mfukoni na hauhitaji 650. Na kinyume je, watoto wanavyopindua silabi mpaka nyumba inakuwa mbanyu ili wakubwa wasielewe wanapanga kwenda kuogelea? Watengenezaji nawaomba, chapa ijayo wapunguzieni kidogo Wafaransa, bibi zetu nao wapate nafasi.

Haya, sasa kuna kile kipande cha kichwa cha habari, msiyatie status.

Boksi lina mchezo mwingine, unaitwa tu "shairi", kadi zinavutwa alafu unalazimika kuzipanga kwa tarbia, mistari minne, mizani nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho. Huu ni mgumu, watoto wanaukimbia, watu wazima ndo wanauganda. Tulikaa usiku mmoja mpaka tukatoa huu ubeti, mavuno ya watu wengi, asijidai mtu mmoja:

Kambare yuko sokoni, kavaa koti la mvua,
Kaposa mwiko jikoni, mahari kalipa jua,
Ngazi imo safarini, yatafuta pa kutua,
Punda kalala chanoni, wali haujamjua.

Hesabuni, iko sawa. Tukamsomea babu mmoja jirani, mtu anayejua tungo za kale kwa moyo, ukimgusa tu anakuteremshia tendi mpaka usingizi. Akasikiliza amefumba macho. Akasema rudia. Tukarudia. Akasema vina vimekaa, mizani iko sawa, kisha akafumbua macho akauliza pole pole, "Na huyo kambare ndo nani?"

Babu si mtu, ni maneno ya mfukoni.

"Najua si mtu. Nauliza amekusudiwa nani."

Hapo ndo nikaelewa shida na raha ya hili boksi kwa mji huu. Sisi ni watu wa mafumbo. Huku mtu hanunui leso kwa rangi tu, anasoma kwanza jina lake, yale maneno yaliyochapwa juu yake, na akiivaa siku ya harusi kuna mtu kwenye ile harusi atalisoma akaacha kula. Tungo zetu zimepigana kwa mafumbo miaka na miaka, papa si papa, mnazi si mnazi. Sasa leo unamletea msikilizaji wa namna hiyo kambare aliyeposa mwiko na unamwambia hana maana? Haaminiki. Babu alikaa na ule ubeti siku kadhaa akarudi na tafsiri kamili, kambare ni fulani, koti la mvua ni ile tabia yake ya kukwepa madeni, ngazi ni yule kijana wake aliyekwenda Ughaibuni hatulii sehemu moja. Na mnajua nini, imeingia! Imeingia kama kofia, jina sitaji.

Dadangu yeye hakuwa hata na subira ya shairi. Alivuta zake, akapata "Kabati la jirani limesusa supu", akaona imependeza, akaipiga picha akaiweka status. Kumbe ukuta wa pili kuna mama aliyeletewa kabati jipya kutoka Mombasa, limevushwa kwa boti kutoka Mokowe na mji mzima umeliona likibebwa na punda wawili. Na Ijumaa ile alituma supu kwetu, na sahani yake ilikuwa haijarudi. Kabla ya Magharibi ameshapiga hodi, amesimama mlangoni na buibui lake, sauti ya upole ile inayotisha, "Mwalimu, kama nimewakosea niambieni usoni." Tukamkaribisha, tukamuonesha mfuko, tukamuonesha kadi, tukaapa. Hakuridhika. Mamangu akamwambia tia mkono mwenyewe mwanangu, vuta. Akavuta. Akapanga, na alipanga haraka kuliko sisi sote, viambishi vyote sahihi: "Sabuni ya wifi imeazima harusi." Akaitazama. Akaitazama tena. Akasema, "Hii naijua ni ya nani," akaomba aipige picha.

Tangu siku hiyo anakuja kila Alhamisi, na anakuja na supu.

Kwahivo yule Tzara na shairi lake la kufanana na wewe sijui kama alikuwa anatania au vipi, lakini huku Langoni ahadi yake imetimia kupita kiasi. Ushauri wangu ni huu, chezeni nyumbani, cheza na watu waliouona mkono wako ukiingia mfukoni. Ikishatoka nje ya chumba imekuwa fumbo, na fumbo lina mwenyewe.

Malalamiko sasa, niyaseme haraka. Kadi ni nyembamba, hazijatiwa plastiki, na kwa hii hewa yetu ya chumvi baada ya muda mfupi zimeshaanza kujikunja kona, zilizokunjika unazijua kwa kidole kabla hujavuta, yani udanganyifu uko wazi. Mimi nimezipeleka kwingine zikatiwa plastiki, hela juu ya hela. Viambishi vya ngeli ya U vichache mno, ukivuta ukuta na uzi na ufagio kwa pamoja mnabaki kuazimana. Pa, ku na mu hazimo kabisa, ambayo ni hasara kubwa kwa sababu upuuzi wa mahali ndo mtamu, "sokoni kumefunga ndoa" ungetaka nini zaidi.

Alafu kuna zile kadi za rangi ya waridi zilizoandikwa vichekesho tayari, "tembo amevaa chupi" na mengine ya aina hiyo. Zitoeni. Mimi nimezitia ndani ya droo. Kichekesho kilichopikwa na mtu mwingine kikitokea katikati ya mchezo kinaharibu hamu, kila mtu anakiona kinavyojitahidi. Utamu ni pale hakuna aliyekusudia, ni mkono tu na mfuko, na wewe unajaribu kulitunza lile neno likae sawa kiheshima.

Na maneno mengine yamekuja na basi la bara. "Lifti". "Theluji". "Foleni ya magari", Lamu hii ya punda na vichochoro! Nakubali neno la mbali lina uzuri wake, "theluji imemposa ustadhi" ilitupendeza, ila kwa kila theluji moja nilitarajia nipate tanga, ngalawa, mofa, chano, fumba la mkeka, buibui, kofia ya vito. Tumeyaandika wenyewe kwenye kadi nyeupe mpaka zikaisha, na hapo ndo mchezo ukanoga hasa, manake kitu cha kila siku kikifanya jambo lisilowezekana kinachekesha kuliko kitu usichokijua kikifanya chochote.

Darasani? Linafaa, nimelitumia, wanafunzi waliokuwa wanachanganya ya na za wamenyooka bila kujua wamenyooka. Lakini walimu wenzangu nawasihi msilitolee alama. Siku niliyotangaza kwamba sentensi zitasahihishwa, walivuta kadi wakaanza kutafuta maana, tukaishia na "mtoto mzuri anasoma kitabu", darasa zima, mistari na mistari ya mtoto mzuri na kitabu chake. Kesho yake nikaacha kalamu nyekundu ofisini, nikapata "kitabu kizuri kinamsoma mtoto kwa siri", na aliyeitunga ni yule wa dawati la nyuma ambaye huwa haongei.

Nyota nne kwa tano. Mkienda, nendeni baada ya Laasiri, mchana wanafunga, Ijumaa ndo kabisa msijisumbue. Ombeni lenye mfuko wa leso, maana nimeona mengine yana mfuko wa nailoni unaopiga kelele na kadi zinateleza nje. Kadi nyeupe za ziada zinauzwa kando, shilingi 50 pakiti, chukueni mbili. Na fungueni palepale dukani mhesabu viambishi kabla hamjalipa.